Kilichosimamisha Mizani ya Mume Wangu

Mume wangu alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari, tulikuwa tunakaa Kibwezi. Alikuwa akinunua mbuzi vijijini na kuwapeleka Mombasa kwa treni. Mtu mnene, akipanda ngazi mbili za nyumba yetu lazima ashike ukuta apumue. Daktari wa hospitali ya serikali alimkataza sukari, ugali, wali, chapati na viazi.

"Kula nyama, mayai na mboga," alimwambia. "Mwili lazima upungue."

Ukapungua kweli. Kila Jumatatu karani wa stesheni alimruhusu kusimama kwenye mizani ya mizigo, naye alirudi nyumbani akishikilia suruali isianguke, huku anacheka. Kisha, mwezi wa tatu wa mlo huo, mizani ikakwama. Wiki nne mfululizo, ratili zile zile.

"Labda imeharibika," alisema.

Mimi nilijua mume wangu anavyopenda chapati. Nikaanza kumpeleleza. Akirudi jioni nilimpokea koti kwa heshima, nikaenda nalo chumbani na kunusa mifuko. Nilichora alama ya makaa ndani ya debe la unga wa watoto. Siku moja nikapata vitu kama makombo mfukoni, nikaviweka ulimini. Ulikuwa ugoro. Nilipiga chafya mpaka watoto wakaja kuniangalia, lakini moyo haukutulia. Kama hazili chapati hapa, nilijiambia, basi anazila kwa dada yake.

Wifi yangu alikaa ng'ambo ya reli, na mara mbili alikuwa ameniambia kwamba ninamnyima kaka yake chakula. Alasiri moja nilijifunga leso, nikamfuata mume wangu kwa mbali. Aliingia kwa wifi bila kubisha. Nikasubiri kidogo nyuma ya jiko, nikasikia vikombe, nikaingia kwa kishindo.

"Ziko wapi chapati?"

Mezani palikuwa na chai tu. Nilichukua kikombe cha mume wangu, nikanusa, nikaonja. Haikuwa na sukari.

"Unaonja kikombe cha kaka yangu ndani ya nyumba yangu?" wifi aliuliza. "Toka."

Mume wangu hakupandisha sauti. "Mama watoto," alisema, "tangu siku ile ya hospitali nimekula kile unachonipikia wewe tu."

Nilitamani angenitukana.

Tulienda pamoja kwa daktari. Aliniuliza mimi, si yeye, kuhusu chakula. Nikamweleza kwa majivuno: ile isyo, chakula chetu cha mahindi na mbaazi zilizochemshwa pamoja, nilikuwa nimemtolea mahindi yote, nampa mbaazi peke yake, sahani imejaa. Nyama naikaanga kwa samli nyingi apate nguvu. Na maziwa, kibuyu kizima kwa siku, maana maziwa si chakula, ni kinywaji.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, mbaazi nazo zina wanga. Maziwa yana sukari yake. Samli haina wanga, lakini ikizidi inanenepesha. Na mwili uliopungua hautaki tena chakula kingi kama ule wa kwanza."

Njiani nilimshuku hata daktari. Huenda mume wangu alikuwa ametangulia kupanga naye. Hata hivyo nilipunguza maziwa yakawa kikombe kimoja, mbaazi kiganja kimoja, samli kijiko. Jumatatu ya tatu nilikwenda stesheni mwenyewe, nikainama hadi pua ikakaribia chuma cha mizani. Ratili mbili zilikuwa zimetoka. Nilimwomba karani apime tena.

Siku iliyofuata nilivuka reli kwenda kuomba msamaha. Wifi aliniacha nimesimama uani mpaka akamaliza kupepeta mtama wake wote.

"Ingia," alisema mwishowe. "Lakini ukinusa kitu chochote humu, nakutoa."