Ngoma ya Hatari Kilimani Kasaale

Kwa miaka thelathini na mmoja Erukaana Ssebuliba ndiye aliyewaita watu wa Kasaale kanisani, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwita yeye. Angeitwa vipi? Wenzake wakiwa bado wanatafuta kanzu zao, yeye yuko kilimani tangu alfajiri, anaipasha ngoma moto ili ngozi ikaze. Ukimwuliza kama Mungu amewahi kusema naye, atakucheka. "Mungu husema na mwalimu wa kanisa. Mimi kazi yangu kelele."

Hata hivyo alikuwa na sala yake fupi, aliyoisema kila asubuhi mkono ukiwa juu ya ngozi: Ukiniita nitakuja. Aliisema kama mtu anavyomsalimu jirani, bila kungoja jibu.

Midundo ilikuwa miwili. Wa ibada ni wa polepole, mtu anaweza kumaliza chai yake kwanza. Wa pili ni wa hatari. Huo ukilia unatupa ulichoshika na kukimbia kuelekea ngomani, hata kama ulikuwa unazika. Asiyekwenda huhesabiwa adui, na nyumba yake ikiungua ataizima peke yake. Na mpigaji akiupiga bure, ananyang'anywa fimbo za ngoma. Erukaana alikuwa ameupiga mara mbili tu maishani, na mara zote mbili ulikuwa moto wa kweli.

Sasa jirani yake, Misaki Lubowa. Msimu mmoja wa mvua Misaki aling'oa miti ya mpaka akaisogeza hatua sita ndani ya migomba ya Erukaana. Ndani ya hatua hizo sita mlikuwa na kaburi la Nabosa, binti pekee wa Erukaana. Misaki akapanda maharage juu yake. Miaka minne walipishana njiani bila salamu, katika nchi ambayo hata mgeni usiyemjua humwachii mpaka umemwuliza habari za nyumbani kwake.

Ijumaa hiyo Erukaana alikuwa akiipaka ngoma samli, mara Eseza, mkewe, akapanda mbio, kisu cha kumenyea matoke bado kiko mkononi.

"Baba Nabosa! Wamemkamata Misaki!"

"Kafanya nini tena?"

"Ndama wa Bulasio hayupo. Wanasema kamchukua yeye. Wamemfunga kamba pale kisimani, wanampiga. Watamuua!"

"Wamuue," Erukaana alisema, akaendelea kupaka. "Mimi sikumtuma kuiba."

"Sikuja kukuuliza kama ulimtuma."

Kutoka pale juu kisima kilionekana vizuri. Watu walikuwa wamejaa, na fimbo zilipanda na kushuka. Na tusimpambe mzee wa watu: furaha ilimpanda moyoni, furaha tamu kabisa. Maharage juu ya mwanangu, aliwaza. Leo utayala.

Mkono wake ulikuwa juu ya ngozi. Hapo ndipo jina lilipomjia. Hakusikia sauti yoyote, wala mbingu hazikufunguka. Lilikuwa jina tu, limemkaa kifuani na halitoki: Misaki.

"Huyo hapana," alisema kwa nguvu. "Nitume kwa mwingine yeyote. Huyo hapana!"

"Unasema na nani?" Eseza aliuliza.

Kule chini mtu mmoja alikuwa anakuja kisimani na jiwe kubwa kichwani. Erukaana alilitazama goti lake mwenyewe, bovu. Akishuka kwa miguu atakuta maiti. Alizitazama fimbo zake za ngoma, akazishika.

"Shuka na kisu chako," alimwambia mkewe. "Wakiondoka, kata kamba."

"Waondoke waende wapi?"

"Waje huku."

Akaupiga mdundo wa hatari. Aliupiga huku machozi yakimtoka kwa hasira, hasira ya kulazimika. Kule kisimani fimbo zilisimama hewani. Kisha jiwe likaanguka njiani, na kundi zima likageuka na kukimbilia kilima, maana miguu ya mtu wa Kasaale huusikia mdundo ule kabla ya kichwa chake.

Walifika wakihema. Bulasio alikuwa mbele.

"Moto uko wapi, mzee?"

"Mmeuacha kisimani."

Bulasio alielewa kwanza, akamshika kanzu kifuani na kuinua fimbo.

"Umetupigia hatari kwa ajili ya mwizi? Yule aliyepanda maharage juu ya mtoto wako?"

"Yule yule."

"Basi wewe huna akili!"

"Sina. Nipige mimi, niko karibu."

Fimbo ilibaki juu. Erukaana alifumba macho, akahesabu pumzi zake. Lakini kilima ni kilima. Pumzi zilikuwa zimewaishia, na mmoja aliketi kwenye nyasi, kisha wa pili. Bulasio aliitupa fimbo chini. Kisimani ilibaki kamba peke yake, imekatwa.

Kama Misaki aliiba au hakuiba, wanabishana mpaka leo. Wazee wa kanisa wao hawakubishana: mdundo ulipigwa bila moto. Jioni hiyo walikuja kuzichukua fimbo za ngoma, na Erukaana akawapa. Usiku kucha Eseza alimsikia akijigeuza kitandani.

Jumapili aliketi kizingitini na kikombe chake cha chai, hana pa kwenda mapema. Ngoma ikalia, imeshikwa na mkono mgeni, inakwaruza. Akashtuka. Ilikuwa inamwita yeye.

Alivaa kanzu. Kwenye mpaka Misaki alikuwa amesimama, mkono umefungwa kitambaa. Nyuma yake maharage yalikuwa yameng'olewa yote, na udongo juu ya Nabosa ulikuwa mtupu na umefagiwa. Walitazamana.

"Ngoma inaita," Erukaana alisema.

"Inapigwa vibaya, ssebo," Misaki alijibu, akimwita bwana kwa heshima.

"Vibaya kabisa. Twende."