Mama wa Temeke Aliyekwenda Senema

Jumamosi nilikwenda senema mjini, nikaketi karibu na mama mmoja wa Temeke. Aliniambia ameuza kuku wake apate kuingia, kwa kuwa amesikia askari wetu walioko vitani Burma huonyeshwa kabla ya hadithi. Mwanawe yuko huko, na habari zake zimekatika.

Askari walipopita wakipiga gwaride, aliinuka akapaza sauti, "Yule! Mwanangu yule!"

"Kaa chini, mama!" watu wa nyuma wakafoka.

Hadithi ilipoanza, akajitanda kanga yake aondoke. Nikamwambia, "Mama, picha ndiyo kwanza inaanza."

"Mie nimeshamwona wangu, baba. Anatembea. Miguu yote miwili anayo."

Sisi tuliobaki tuliicheka ile picha mpaka mwisho, kisha tukatoka tukinung'unika kwamba kiingilio ni ghali.