Ndama wa Betri

Miaka ile petroli ilipokuwa ya kibali, magari mengi ya serikali hapa Musoma yalilala juu ya matofali, na betri zake zikapata kazi nyingine. Nilikuwa fundi katika chumba cha kuchajia cha karakana ya serikali. Chaja ilikuwa moja, kubwa kama kabati, na agizo lilikuwa kwamba zahanati zichajiwe bure. Kwa hiyo betri ziliteremshwa kutoka kwenye mitumbwi ufukoni Mwigobero, zikapita katikati ya matenga ya dagaa hadi kwangu.

Moja ilikuwa ya Landrova ya chanjo, iliyoazimwa kwa zahanati ya kijiji kimoja cha ng'ambo ya ghuba. Mkunga wa pale aliwashia taa ya kuzalishia. Bila hiyo alibaki na kibatari, na mafuta ya taa nayo yalikuwa ya foleni.

Kila aliyekuja nilimweleza vilevile. Ndani ya betri kuna mabamba ya madini ya risasi yaliyolowa tindikali. Ukiitumia mpaka izime kabisa, ukaiacha hivyo, mabamba yanaota weupe kama ukungu na hayapokei tena umeme. Maji yakipungua, ongeza maji yasiyo na chumvichumvi wala kutu. Maji ya betri hayakuwepo madukani, na wengi waliongeza ya ziwa. Siwalaumu; ndiyo tuliyokunywa na kupikia, nani angedhani yanaua kitu? Mkunga alielewa mara moja. Alikinga mvua kwa bakuli uwanjani, mbali na bati, akaichuja kwa kitambaa alichokwisha kukichemsha. Wala hakusubiri taa ififie ndipo ailete.

Kisha biashara ikafunguliwa, bidhaa za nje zikaanza kuingia. Petroli ikarudi, lakini betri mpya za magari ya serikali zilikuwa bado hazijafika. Asubuhi moja mkunga alipokuja kuchukua betri yake, alimkuta dereva wa Landrova amesimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo mama. Hiyo usiipeleke kwenye mtumbwi. Gari limepata mafuta, linakwenda na chanjo Bunda na Butiama."

"Marahaba. Na mimi nizalishe kwa kupapasa?"

"Betri ni ya gari, mama."

"Sijakataa. Ng'ombe wa mtu ni wa mtu. Lakini ukimweka ng'ombe wako kwa jirani, akamchunga miaka yote hii, siku ya kumchukua unamwacha mikono mitupu? Kwetu tunampaga ndama."

Dereva alicheka mpaka akashika mlango. "Betri haizai, mama!"

"Basi nilichunga dume. Aliyechunga dume naye anapewaga kitu, baba. Kawaulize kwenu."

Kelele zilimtoa mkuu wa karakana ofisini. Alikuwa na zizi lake kijijini, na hakucheka. Aliniuliza betri za magari mengine zilizokuwa stoo zina hali gani. Nikamwambia karibu zote zimekufa kwa kukaa, na hii inaishi kwa sababu ilitunzwa.

Akamwambia dereva: "Gari liondoke nayo leo, chanjo haingoji. Na wewe fundi, ingia stoo utafute ndama."

Mkunga alivuka ghuba bila kitu. Wiki ile alizalisha kwa kibatari.

Betri iliyoota weupe kidogo huweza kurudi ukiilisha umeme mdogo mdogo, bila haraka. Ukiuongeza ili uwahi, inachemka tu. Nilizijaribu zote. Nyingi hazikuitikia, moja ilianza kupokea. Nikaendelea nayo taratibu mpaka ikashika chaji.

Mkunga aliporudi nilimweleza kwamba hii ni dhaifu, inabeba balbu moja, na mwanga ukianza kuwa mwekundu aizime. Aliunganisha balbu mwenyewe akaitazama.

"Mdogo," alisema.

"Mdogo, lakini anakula vizuri," nikamjibu. "Mtunze kama ulivyomtunza yule."

Hakuinyanyua. Alimgeukia mkuu wa karakana. "Huyu nimeazimwa au nimepewa? Maana gari lingine nalo likipata mafuta, nitamwona dereva tena."

"Umepewa, mama."

"Basi mpigeni chapa."

Mkuu alinitazama. Nilichukua brashi na rangi nyeupe, nikaandika jina la kijiji chao ubavuni mwa betri. Mkunga akaketi kando yake, akasubiri rangi ikauke.