Siku Niliyojidunga Dawa ya Punda Sosiot

Hii stori nimeificha miaka mingi, na hata sasa nikiianza masikio yanapata joto, lakini kwa sababu watu wa Sosiot wanaisimulia vibaya (wako wanaosema nilikunywa chupa nzima), afadhali niiseme mwenyewe, mpate ukweli kutoka kwa mwenye aibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi, Atieno, msichana wa upande wa ziwa, nilikuwa nimepewa kusimamia kliniki ya wanyama pale Sosiot, kliniki ya bei ya chini, ndani ya banda la zamani la kupokelea maziwa ambalo kanisa lilituazima. Tulipokea mbwa waliotupwa, paka wasio na mwenyewe, punda waliochoka, na ng'ombe wa yeyote ambaye hangeweza kuita daktari wa mjini. Tulikuwa wawili tu, mimi na msaidizi wangu Bwana Langat, mzee wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa akishika wanyama tangu mimi nikiwa mtoto (na hakuwahi kunikumbusha hilo, hata siku nilizostahili).

Alhamisi hiyo kamati ya kanisa ilikuwa inakuja kuangalia kazi yetu, iamue kama banda litabaki kwetu au litageuzwa stoo ya mbolea. Mwenyekiti alikuwa Mzee Rono, mtu mpole sana, lakini changaa ilikuwa imemuulia ndugu, na tangu hapo akisikia harufu ya pombe kwa mtu, urafiki umeisha.

Asubuhi tulianza vizuri. Nilisimama mbele ya wakulima nikawafundisha kwamba sindano yenye dawa haiwekwi mfukoni, hata ukiwa na haraka ya namna gani, na wote wakatikisa vichwa kukubali. Kisha mama mjane kutoka Kiptere, Bot Kiprono, akaleta punda wake wa kubeba maziwa, mwenye kidonda mgongoni kikubwa kama sahani, mahali kamba za mzigo zilikuwa zimemla. Huyo ndiye tulipanga kumshona kamati ikitazama. Nikavuta dawa ya kulaza wanyama kwa sindano, na nikiwa bado nayo mkononi nikaona wageni wanaingia.

Sasa sikilizeni vile akili ya mtu hufanya kazi. Meza imejaa, Langat ameshika punda, wazee wananyoosha mikono, na kwetu na kwao mzee hasalimiwi ukiwa umeshika sindano. Nikaifunika haraka haraka, nikaitia mfuko wa koti, nikasalimia kila mtu kwa mikono miwili, nikaambiwa nikae, nikakaa juu ya kreti ya soda.

Ikaniingia pajani.

Sikupiga kelele. Nilitabasamu tu, macho yakijaa maji, nikainuka polepole kama mtu aliyekumbuka kitu, nikaenda nyuma ya kabati kuangalia. Kifuniko kilikuwa kimetoka, dawa imepungua karibu nusu, na mfuko wa koti umelowa kidogo. Nikajiambia imemwagika yote kwa koti. (Mtu akitaka kuamini kitu hakosi ushahidi.) Ningemnong'onezea Langat wakati huo, yeye peke yake, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimewahubiria watu habari ya mfuko hata saa moja haijaisha, basi nikanyamaza, nikavuta dawa mpya kwa sindano nyingine, nikarudi.

Punda akadungwa, akaanza kuinamisha kichwa vizuri. Nikaosha kidonda, nikashona uzi wa kwanza, wa pili, huku nikieleza kamati kila hatua. Kufika uzi wa nne ulimi ukawa mzito kama umebeba ugali, na magoti yakawa si yangu. Nikaegemea punda kidogo, halafu si kidogo, na Bot Kiprono aliniambia baadaye kwamba aliona vichwa viwili vinashuka pamoja, cha punda na cha daktari, midomo yote imening'inia.

Nyuma yangu nikasikia mtu akisema kwa sauti ya chini, "Huyu taktari amelewa."

Mzee Rono akaja karibu, akaninusa bila kuficha. "Daktari, umekunywa nini?"

"Dawa ya punda," nikasema, au nilijaribu kusema, na kicheko kikapita banda lote.

Mzee Rono hakucheka. "Tumewapa nyumba ya kanisa," akasema, wala si kwa hasira, "na hivi ndivyo mnaitumia." Akawaashiria wenzake, wakaanza kutoka.

Hapo Langat akaachilia kamba ya punda (punda hakuwa anaenda mahali), akanishika mabega. Akaangalia macho yangu, akaangalia koti. "Umejidunga?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Wazee walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiza, na hata giza likinijia pembeni mwa macho, bado nilikuwa napima ni aibu gani nafuu, ya mlevi au ya mjinga.

"Mwanangu," Langat akasema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "ukinificha utakufa hapa, na mama yako nitamwambia nini?"

"Ni paja," nikasema. "Ilikuwa mfukoni. Niliikalia."

Bot Kiprono na mama mwingine wakanipeleka nyuma ya kabati wahakikishe. Ningependa kuwaambia kwamba jambo hilo lilifanywa kwa siri. Lakini Bot Kiprono alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, na kwa sauti hiyo akatangazia kamati, wakulima na soko zima: "Ni ukweli. Iko alama ya sindano hapa kwa paja, na damu kidogo. Si pombe."

Nililazwa juu ya magunia nyuma ya pikap ya kubeba majani chai, na Mzee Rono mwenyewe akakaa nami mpaka Kericho, akinizuia kulala kwa kuniuliza vitabu vya Biblia kwa mpangilio. Kila nikifika Hesabu nakwama, naye ananirudisha Mwanzo. Hospitalini nesi akauliza nimemeza nini.

"Hakumeza," mzee akasema. "Ni sindano ya punda."

Nesi akaweka kalamu chini. "Nani alimdunga?"

Mzee akatafuta maneno ya heshima. "Alikalia."

Moyo ulikuwa unapiga polepole mno. Waliniwekea maji ya mshipa, wakanikalia chonjo mchana kutwa, na jioni akili ikanirudia. Kule Sosiot Langat alikuwa amemalizia punda, na nilipokwenda kuona nikakuta nyuzi zake zimenyooka kuliko zangu.

Jumapili iliyofuata niliitwa mbele ya kamati, nikasema yote, kuanzia kule kusalimiana. Mzee Rono akasikiza mpaka mwisho.

"Ungekuwa mlevi tungechukua banda," akasema. "Lakini ujue, kutuficha mpaka ukaanguka ni mbaya kushinda mfuko. Sisi tungekuzika bila kujua. Kaa na banda. Na hiyo koti uilete, akina mama washone mifuko ifungwe."

Wakaishona kweli. Watoto wa soko nao wakaniita Sigiriet, ndio punda kwa Kikipsigis, na nikaitikia jina hilo mpaka nilipohamia Boito (ambako nililikuta limenitangulia).

Tangu hapo niliapa nikikosea nitasema kabla ya kuulizwa. Mwezi uliopita nilikanyaga mkia wa paka wa mama mmoja, mwenyewe akiwa nje, hakuona wala paka hakuumia, nikatoka nikamwambia. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Sawa tu, mimi nimeshatazamwa vibaya kushinda hapo.