Reli Tuliyompa Mungu

Katika Fizi nzima, mashariki mwa Kongo, hakuna hatua hata moja ya njia ya treni, na bado mimi ni binti wa reli. Baba yangu alifanya kazi Kalemie, kwenye kikosi cha watu waliotembea kwa miguu juu ya njia tangu asubuhi, nyundo begani, wakigonga chuma na kusikiliza. Reli nzima huimba, na sauti yake hukawia kufa. Reli yenye ufa hukohoa mara moja na kunyamaza. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya kutafuta reli iliyovunjika, aliniambia nikiwa mdogo: sikio la mtu.

Leo ninafundisha fizikia Fizi-Centre, na nikifika kwenye somo la umeme sijizuii. Nawaeleza wanafunzi jinsi watu wa zamani walivyohangaika na ufa usioonekana. Baada ya nyundo wakaja na mafuta na chaki. Unapaka chuma mafuta mepesi, unayafuta, unapaka chaki, na mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanatoka yenyewe kujitaja. Kisha mmoja akawaza kupitisha umeme kidogo ndani ya reli zenyewe, ili reli ikikatika, umeme ukatike na dereva aonywe. Kisha wakajenga behewa zima lililomwaga umeme mwingi kwenye reli, huku koili zikinusa juu yake mahali umeme unapouzunguka ufa, kama maji yanavyozunguka jiwe. Hapo huwa napiga meza. Wanafunzi wananong'ona kwamba mwalimu ameshikwa tena na treni yake. Wacha waseme, hawajui kitamu.

Baba mwenyewe hasikii tena. Ukimpigia kelele sikioni anapata nusu, nusu nyingine anaisoma midomoni. Masikio yalianza kumwacha angali kazini. Siku moja aligonga reli akasema nzima, mwenzake aliyemfuata nyuma akagonga palepale na kusema ina ufa. Mwenzake ndiye aliyekuwa sahihi. Baba hakungoja kufukuzwa. Alikwenda mwenyewe kuaga, wakamwachia nyundo yake, akarudi kijijini kwetu Lubondja kulima mihogo. Nyundo ikakaa nyuma ya mlango miaka yote hiyo, na hatukuruhusiwa hata kuvunjia nayo ngazi, zile kokwa za michikichi.

Sasa sikilizeni habari ya daraja. Kati ya Lubondja na barabara ya kwenda Baraka kuna kijito chembamba chenye kingo ndefu, kilichozoea kumeza miti tuliyoilaza juu yake. Kanisa letu likapata vipande vitano vya reli ya zamani, kila kimoja hatua nne za mtu mzima, vikaja kwa boti toka Kalemie. Vinne vilitosha daraja. Cha tano kilikuwa cha kengele, maana kwetu kengele ya kanisa ni chuma kilichoning'inizwa. Ikabidi wachague kipi ni kipi, na aliyechagua alikuwa mwenyekiti wa kamati ya daraja, ambaye pia ni shemasi na ndiye anayeongoza kwaya. Aligonga vyote vitano kwa jiwe, kichwa amekiinamisha, kama anayechagua sauti za waimbaji. Kile kilichoimba vizuri kuliko vyote akampa Mungu. Kile kilichokuwa na sauti mbaya akakitupa darajani.

Watu walimsifu, na mimi pia ningemsifu. Nani atampa Mungu kibaya?

Nilifika Lubondja siku ya Ijumaa asubuhi, mbao zimekwisha kupigiliwa, lori la soko likingojwa kesho yake kupita darajani kwa mara ya kwanza. Nikamkuta baba amechuchumaa ukingoni mwa kijito, na nyundo mkononi.  Alikuwa ameuma mpini kwa meno, kichwa cha nyundo amekikandamiza kwenye reli, na mkono mwingine anagonga kwa jiwe. Aliniona, akautoa mpini kinywani.

"Mama," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Hii ya upande wa juu iko mugonjwa. Zile tatu zinaimba mu meno. Hii inakufa mbio."

Kumbe alikuwa amepata sikio jingine. Mfupa wa taya! Nilitamani darasa langu lote liwe pale.

Mwenyekiti alikuja na watu wawili watatu nyuma yake. Ni mtu mpole, lakini daraja lilikuwa lake. "Papa, usikasirike," akamwambia sikioni, kwa sauti iliyofika mpaka mashambani. "We hausikii hata ngoma ya kanisa. Utasikia chuma?"

Watu wakacheka.  Niliona vidole vya baba vikibana mpini, nikajua anamkumbuka yule mwenzake wa Kalemie. Nikapandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira huwa najiona mhandisi. Nikasema nitathibitisha mbele ya wote. Nikaomba betri ya pikipiki, nyaya na balbu ndogo. Nikawaeleza, na mikono yangu yote miwili hewani, kwamba umeme utapita ndani ya reli, na kama reli imevunjika taa haitawaka. Nikafunga waya huku na huku.

Taa ikawaka, tena kwa raha zake.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema taratibu, "we mwenyewe umesema."

Wakapiga makofi. Hata mama yangu alikuwa amefika na kusimama ng'ambo, mikono kiunoni. Kila Jumamosi yeye huvuka kwa miguu kulipanda lori hilo kule barabarani na madumu yake ya mawese kwenda kuyauza Baraka, hukaa nyuma kabisa ili ayashike. "Mi kesho napanda," akasema. "Mafuta yangu haiwezi kungoja nyundo ya mutu." Kisha akamtazama baba kwa jicho la huruma, na jicho hilo lilimwumiza baba kuliko vicheko vyote. Niliona haya. Nilikuwa nimekuja kumtetea, na nimemzika mbele ya kijiji.

Baba ndiye aliyenivuta mkono. Aliitazama balbu, akaichomoa, akaniwekea kiganjani. "Taa yako inajua maiti tu," akasema. "Mi nimesema mugonjwa."

Nikasimama kama niliyemwagiwa maji. Bila shaka! Ufa usiokata reli yote unaacha chuma cha kutosha pembeni, na umeme hupita hapo bila kujali. Nimelifundisha somo hilo mara ngapi? Ndiyo maana wale wa zamani hawakuishia kwenye taa. Nikamrukia baba shingoni. "Papa, mafuta na chaki!" Akaisoma midomo yangu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mafuta ya taa yalipatikana. Chaki ninazo mfukoni daima. Lakini chaki inatakiwa ikorogwe na kitu kinachokauka haraka, na kitu hicho kwetu ni lutuku, ile pombe kali ya kukeneka ambayo kanisa letu haliitaki hata kwa harufu. Nikaomba lutuku mbele ya shemasi. 

"Mi sijui nyumba yenye lutuku," mwenyekiti akasema. Akafikiri. "Lakini naweza kuuliza."

Alirudi na nusu chupa kabla hata hajapata muda wa kuuliza. Mama alikohoa.

Niliingia kijitoni, maji yakanifika magotini, nikaipaka reli ile mafuta ya taa ubavuni na chini, tena na tena. Tukayaacha yazame muda wa kupika maharagwe na kuyala. Kisha nikafuta kwa kipande cha kitenge, nikaosha kwa sabuni, nikafuta tena mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Nikapaka uji wa chaki. Ukakauka pale pale, mweupe kama ukuta wa zahanati. Baba akashuka majini kando yangu, akagonga reli kwa nyundo yake mara tatu.

Tukangoja. Weupe ukabaki weupe. Mwenyekiti alikuwa ameinama juu yetu. Nikamwomba Mungu, na sikujua vizuri ninaomba nini, maana nilikuwa nautamani ufa. Fikirieni, mtu kuomba daraja la kwao liwe bovu. Lakini kama ufa haupo, baba yangu asingeishika tena nyundo ile, na kama upo tusiuone, mama yangu angepanda kesho.

Baba akagonga tena. Chini kabisa, kwenye kitako cha reli, kitu kama unywele mmoja kikalowa. Kikapanda. Kikapinda kidogo, kikapanda tena, mstari wa kijivu kwenye chaki nyeupe, mpaka zaidi ya nusu ya kimo cha reli. Nilipiga kigelegele, mwalimu mzima, sketi imelowa.  Baba aliweka kidole kwenye mstari ule, akaufuata kutoka chini hadi juu, polepole.

Mwenyekiti alishuka majini na viatu vyake. Akaangalia muda mrefu. Halafu akaondoka, na tulipomwona tena alikuwa anakuja toka kanisani na wanaume wanane, wamebeba ile reli yenye sauti nzuri. Kabla jua halijashuka ilikuwa imelazwa darajani. "Ile mugonjwa tutamupa Mungu," akasema, akijifuta jasho. "Atatuvumilia na sauti ya mafua." Kisha akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akainama.

Jumamosi asubuhi lori lilikuja limejaa mihogo, mbuzi na akina mama juu kabisa. Nilimtafuta baba nikamwona ukingoni, pembeni ya daraja, amechuchumaa. Mpini mdomoni, kichwa cha nyundo kwenye ncha ya reli mpya, macho amefumba. Mbao zilinguruma. Mama, nyuma kabisa na madumu yake, alipokuwa juu yetu alimwita kwa nguvu, akampungia kitambaa, akaona hamwoni, akacheka na wenzake hadi lori likapotea kwenye kona.

Nilikwenda kumwambia baba kwamba mama alikuwa anamuaga. Hakunipa nafasi. Aliutoa mpini kinywani, machozi yamemjaa, akasema, "Nimemusikia. Amepita."