Makofi ya Msiba Yaliyofanywa Ngoma

Nyie mnaoinama mkagusisha viganja mara tatu, mkateremka goti, mkayumbisha kiuno halafu mkacheka, nyie ndio ninaowaandikia. Mnaita staili. Mnaifanya harusini, mnaifanya kwenye mahafali, na juzi nimeiona kwenye mkutano wa siasa, mtu mzima na tumbo lake anainama jukwaani. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kitu kile kimetoka wapi. Kimetoka mikononi mwangu, na sikuwapa.

Mimi nimeanika dagaa ufukweni Ujiji tangu sijaolewa. Shule niliishia la tatu, kwa hiyo msinitafutie maneno matamu.

Siku ile walikuja na magari, jenereta, maspika makubwa kama makabati, na kidude cha kuruka kinachovuma kama nyigu. Katikati yao alikuwa yule binti wa nyimbo mnayempenda, katoka Dar es Salaam, kavaa gauni la kumeta na viatu vya visigino juu ya mchanga. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshawaruhusu bila kutuuliza sisi wenye dagaa. Kijana mmoja mwenye kofia, ndiye aliyekuwa akiwaamrisha wenzake wote, akatwambia:

“Mama zangu, tunaomba mtoe hizi samaki, zinanuka.”

Tukatoa. Dagaa ambao hawajakauka ukiwazoa wanakatika vichwa, lakini tukatoa. Hatujapumzika, akaja tena.

“Mama zangu, rudisheni. Kumbe zinang'aa vizuri kwenye kamera.”

Mwenzangu ninayeanika naye akamwambia, “Na harufu je, baba, tuirudishe au tuibakize kwenye beseni?”

Kijana akacheka. Sisi hatukucheka. Yule binti naye akanipitia karibu akasema, “Shikamoo, bibi,” huku anajitazama kwenye kioo. Ninaitikia marahaba, ameshanipa mgongo. Hapo ningepaswa kujua. Mtu asiyengoja kuitikiwa anaweza kufanya lolote.

Alasiri ikafika boti kutoka ng'ambo. Ndani yake alikuwamo wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, anayekaa Bangwe. Alikuwa amekwenda Kongo kumuuguza mtoto wake wa pekee. Alirudi peke yake. Habari zilikuwa zimemtangulia, tulijua kijana amezikwa kule kule.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mlipopotea. Sisi Waha, mdogo humsalimu mkubwa kwa kuinama na kupiga makofi. Unasema “Mwidiwe,” unauliza hali yake, wanawe, shamba lake, na huinuki mpaka akuitikie. Hiyo ni salamu ya kila siku na makofi yake yanasikika. Lakini katika ukoo wa mume wangu, mfiwa hapigiwi hivyo. Viganja vinagusana tu, mara tatu, polepole, kama unakung'uta unga mikononi. Unaanza kuwaulizia walio hai. Aliyekufa unamtaja mwisho kabisa, na ukimtaja unateremka goti moja na kiuno kinayumba, kwa sababu nguvu zimekuishia. Hicho ndicho kiuno mnachokitikisa.

Nilimfuata wifi mpaka kwenye maji. Kamera niliiona, siwadanganyi. Nilidhani inapiga ziwa. Na hata ningejua, salamu ya mfiwa haikatwi. Ukiikatisha, ni kama umemwambia maiti wake angoje. Nikainama, nikagusisha viganja, nikawaulizia walio hai wote, nikamtaja kijana wake mwisho, goti likaenda chini. Wifi akaniitikia. Tukalia bila sauti, nikambebea mzigo wake. Nyuma yangu nikamsikia yule mwenye kofia anapiga kelele kwa mwenzake, “Umechukua hiyo? Niambie umechukua!”

Nilidhani kuna kitu kimeibwa. Kumbe kweli.

Miezi ikapita. Siku moja jirani akaniita saluni kwake, “Bibi, njoo ujione kwenye televisheni.” Nikauona mgongo wangu. Nikauona uso wa wifi yangu, mkubwa kama ungo, machozi yote nje. Kila viganja vyangu vikigusana wameweka ngoma: du, du, du. Goti langu likianza kuteremka, wanakata, anaingia yule binti na wasichana wake juu ya dagaa wetu, wanateremka goti, wanayumbisha kiuno, meno yote nje. Na wimbo wenyewe ni wa mtu aliyepata bwana mpya.

Tangu hapo nchi nzima ikaugua. Bibi harusi anaingia ukumbini, mashoga zake wanamgusishia viganja mara tatu, yaani wanampa pole. Mtoto anafaulu mtihani, walimu wanampa pole. Wageni wanakuja ufukweni na magauni ya kumeta, wanataka kusimama juu ya dagaa wapigwe picha. Msichana mmoja akanishika bega: “Bibi wa video! Tuinamie kidogo tu.”

“Inama mwenyewe,” nikamwambia, “mgongo unao.”

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamwambia, waambie wale watu wautoe uso wa wifi yangu mle.

Akaniambia, “Mama, ile ni heshima. Umeitangaza Ujiji.”

“Ujiji ilijulikana kabla bibi yako hajazaliwa. Wewe tangaza choo cha sokoni, hakina mlango.”

Akasema atalifikisha. Mpaka leo bado analifikisha.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonichoma ni maneno aliyoyaleta mwanamke mmoja anayeuza mawese, kutoka Bangwe. Alisimama mlangoni kwangu, hakutaka hata kuketi. “Wifi yako anasema hivi: mwambieni nimemwona anavyoucheza msiba wangu. Alichopewa akinunulie sanda.”

Nilichopewa ni soda moja ya moto, kama wenzangu wote tulioanika pale. Niliinywa. Na hiyo nayo alikuwa ameshaambiwa.

Nikaenda Bangwe. Mara ya kwanza niliinama mlangoni, nikapiga makofi, nikasema “Mwidiwe.” Namwona ndani anachambua mchele. Hakuitika. Nikangoja, nikaondoka. Mara ya pili vile vile, ila safari hii aligeuza kigoda akanipa mgongo. Mara ya tatu nikasema siondoki. Kwetu huinuki mpaka uitikiwe, basi nikabaki nimeinama. Watoto wa jirani wakakusanyika wakaanza kuigiza, du, du, du, kwa midomo. Wifi akawasikia. Akainuka, akafunga mlango. Magoti yakaniganda pale mpaka mama mmoja mpita njia akaninyanyua kwa kwapa kama gunia. Nyie hamjui aibu ya kuinuliwa na mtu asiye yule uliyemsalimu. Ni kama umekataliwa na ukoo mzima, waliokufa na walio hai.

Halafu mjukuu wangu akaposwa. Kwetu binti hatoki nyumbani kuolewa mpaka mkubwa wa upande wa baba ampake mafuta viganjani, na mkubwa aliyebaki ni mmoja tu. Mwanangu, baba wa binti, alikwenda Bangwe kumwomba shangazi yake. Akarudi na jibu: atakuja kwa ajili ya binti, si kwa ajili ya yule mcheza ngoma.

Nikasema haya. Na aje.

Siku hiyo uani kwetu, mtaa wa Rusimbi hapa Ujiji, palijaa. Nilikuwa jikoni nageuza wali niliposikia spika inafunguliwa. Du, du, du. Nikatoka na mwiko mkononi. Wasichana wamejipanga mistari miwili toka mlangoni mpaka getini, bibi harusi katikati na simu yake juu, wanainama, wanagusisha viganja. Na pale getini, ameshika fimbo yake, amesimama wifi yangu.

Sikumbuki nilivyovuka uwanja. Nakumbuka nilichomoa waya wa spika, ukatoka na soketi yake.

Wifi akawatazama mmoja mmoja.

“Nani kafa humu?” akauliza.

Msichana mmoja akajibu kwa sauti ndogo, “Hakuna aliyekufa, bibi. Ni sherehe.”

“Sasa mbona mnampa mwenzenu pole? Mume mwenyewe mmeshamwona ana nini?”

Wachache wakataka kucheka, wakaniona, wakaacha. Nikaenda getini. Nikainama. Nilikuwa sijafungua mdomo alipoinyoosha fimbo juu ya kichwa changu.

“Nikuitikie mbele ya hawa? Wanitie tena kwenye sinema?”

Nikageuka. Simu saba, nane, zote juu, na mjukuu wangu ndiye wa mbele. Nikaagiza beseni la dagaa, lile kubwa. Nikasema kila simu iingie humu, na asiyetoa yake atoke na viatu vyake mkononi. Wakatoa. Kuna shemeji mmoja aliyeleta ubishi, “Bibi, mimi nasubiri simu ya kazi.” Nikamwonesha mwiko. Akatumbukiza. Nikalifunika beseni kwa ungo, nikamkalisha juu yake mwanangu, mtu mzima na suti yake.

Nikarudi kuinama. Viganja vikagusana mara tatu, havikusikika. Nikawaulizia walio hai. Nikamtaja kijana wake mwisho, goti likaenda chini. Nikakaa hapo. Mbuzi wa jirani alilia, akanyamaza. Mtu akakohoa.

Wifi akaitika. Neno moja, kwa sauti ya chini. Kisha akasema, “Inuka, magoti yako yamezeeka,” akanipita, akaenda kumpaka binti mafuta.

Msinitafutie hapo furaha. Hakula chakula changu. Kuniambia amenisamehe, bado. Nikienda Bangwe sasa anaitika, na mlango unabaki wazi nusu. Na uso wake bado umo mle, kila mkiufungua wimbo analia upya kwa ajili yenu.

Jioni ile, kabla sijafunua ungo, niliwasimamisha wote wa nyumba yangu mbele ya beseni nikawapa amri, na nyie mliosoma mpaka hapa ichukueni: “Anayetaka kuicheza salamu ile, aende kwanza Bangwe, mlangoni kwa bibi yenu. Ainame, na asiinuke mpaka aitikiwe. Akirudi bado anataka kucheza, aje hapa, nimpigie makofi mimi mwenyewe.”