Mabati ya Zambarau

Caren Adongo alikuwa amepigilia mabati sitini na mawili, yamebaki kumi na manane tu, Padri Walubengo alipofika kwa pikipiki akamwomba ashuke.

"Fada, niko kazini," Caren alijibu kutoka juu ya paa, baada ya kutema misumari kiganjani.

"Najua. Ndiyo maana nakuomba ushuke."

Huko Seme hakuna mwanamke mwingine aliyeezeka mapaa. Caren alipomaliza chuo cha ufundi, wazee walimwambia kwamba mwanamke kupanda juu ya nyumba ni mwiko. Aliwajibu kwamba mwiko huo ulikuwa wa nyumba za nyasi, akaenda kununua ngazi. Sasa ana miaka arobaini na mmoja, na ukiteremka kutoka Kombewa kuelekea ziwani, mapaa yake yako pande zote mbili za barabara. Mvua ikinyesha, wenyewe wanalala.

Kanisa alilokuwa akiliezeka, la Mtakatifu Monika, ni kigango kidogo, kimoja kati ya tisa vya parokia, na padri hufika huko Jumapili moja kati ya tatu. Upepo ulikuwa umeling'oa paa la zamani mwezi wa Januari. Jumapili moja ambayo padri hakuwepo, lori liliingia uwanjani likiwa na mabati themanini mapya, ya rangi ya zambarau. Nyuma ya lori alikuja Dalmas Ogweno, mzaliwa wa hapohapo, aliyekuwa akitafuta kiti cha ubunge. Hakuwa amechaguliwa bado, lakini watu walishaanza kumwita mheshimiwa. Katekista alimpa kipaza sauti, naye akazungumza kwa nusu saa. Mwisho akasema, "Mimi nimewakumbuka. Na nyinyi mtanikumbuka siku ile." Kila mtu alijua ni siku gani, maana zambarau ilikuwa rangi ya chama chake. Waumini walipiga makofi. Caren pia alipiga, kwa sababu Dalmas alimkabidhi kazi ya kuezeka palepale, akamlipa yote kabla hajapigilia msumari wa kwanza.

Padri alingoja Caren afike chini.

"Mwezi jana nilisoma barua ya maaskofu hapa hapa altareni," alisema. "Juu ya wizi wa mali ya umma, na juu ya vijana kuuza kura zao. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Fada."

"Sasa niambie. Nitasimamaje hapo niyaseme tena, na juu ya kichwa changu kuna bendera ya mtu?"

Caren alitazama juu. Alikuwa amelipanga paa lile vizuri, kila bati limelala juu ya jirani yake bila mwanya. Moyo ulimuuma kama mtu aliyeambiwa amwage chakula alichokipika mwenyewe. "Mvua kubwa iko karibu," alisema. "Ukiyatoa haya, una mengine?"

"Sina."

"Angalau hudanganyi." Alichukua nyundo yake. "Nitayatoa mimi. Mwingine atayakunja."

Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Aliweka kipande cha ubao chini ya nyundo kila alipong'oa msumari, ili bati lisibonyee. Lori la kukodi liliyapeleka yote themanini hadi kwa Dalmas, na Caren alikwenda nayo, kwa kuwa hakutaka mtu mwingine aseme yaliharibiwa njiani.

Dalmas alitoka nje ya lango. "Nani amewatuma? Wapinzani wangu?"

"Fada amesema kanisa halina chama."

"Nimebatizwa pale! Na wewe nilikulipa."

"Ulilipa kazi, mheshimiwa, na kazi niliifanya. Paa hukulinunua."

Dalmas alisema mabati yenye matundu hana haja nayo, akafunga lango. Wapakuzi waliyashusha kando ya ua wake, wakaondoka.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Familia kadhaa ziliacha kutoa sadaka, zikisema padri ameingia siasa. Nyingine ziliongeza, zikisema angalau mmoja amethubutu. Kikapu kilipopita Jumapili, watu walitazamana mikono. Seline, mwenyekiti wa jumuiya ya akina mama, alimwambia Caren, "Siku hizi hata shilingi ishirini ina upande." Misa iliadhimishwa chini ya turubai lililofungwa kwenye kuta, na mawingu yakazidi kujaa upande wa ziwa.

Ndipo Ochieng alipomtembelea Caren nyumbani. Walisoma darasa moja, na sasa alikuwa akimfanyia kampeni mpinzani wa Dalmas.

"Mtu wetu amefurahi sana," Ochieng alisema. "Ana mabati ya kawaida, meupe, hayana rangi ya mtu. Hatakuja, hatahutubia. Wewe utasema ni Mkristo fulani amejitolea."

"Halafu?"

"Halafu nini? Watu wenyewe watajua. Maneno yana miguu." Akatabasamu. "Na kuna shule tatu zinataka kuezekwa. Fundi atakuwa wewe."

Shule tatu ni kazi ya mwaka mzima. Moyoni Caren alikuwa tayari amepanda paa la shule ya kwanza. Kisha akafikiria atakavyosimama mbele ya Seline na wenzake na kutamka yale maneno, "Mkristo fulani."

"Ochieng, yale ya Dalmas angalau yalikuja mchana na jina lake," alisema. "Haya yako yanataka nidanganye kanisani. Kunywa chai, lakini jibu ni hapana."

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi baada ya ibada ya katekista, akaeleza alivyoambiwa na alivyojibu. Watu walinung'unika. Mzee mmoja akauliza kama wanataka kunyeshewa mpaka Yesu arudi.

"Kila nyumba ilete bati moja," Caren alisema.

"Fundi, wengi hapa hawana," Seline alimkatiza. "Usituaibishe."

"Sikusema jipya. Leteni la banda la kuku, leteni lililobaki mlipojenga choo. Fupi, refu, lenye kutu, nitalikata. Kulipanga ni kazi yangu, na hiyo kazi naijua."

Alisema hivyo bila kutikisika, na pengine ndiyo maana wakamwamini. Kuanzia Jumatatu mabati yalifika vichwani, kwenye baiskeli, kwenye mikokoteni. Caren aliyatenga kwa unene na kwa mawimbi yake, mazito upande unaopigwa na upepo, mepesi upande wa pili, na matundu ya zamani akayaziba kwa lami.

Siku ya nne alifika bibi mmoja ameburuta bati kuukuu lenye masizi. Uwanja mzima uligeuka kumtazama. Alikuwa Mama Apiyo, mama mzazi wa Dalmas.

"Hili si la mwanangu," alisema kabla hajaulizwa. "Ni la jikoni kwangu. Nililinunua kwa njugu zangu, yeye akiwa bado shuleni. Na yeye hajui nimekuja."

Mtu mmoja nyuma akasema lirudishwe, familia ni ileile. Caren alimgeukia. "Mama ameomba kura yako?" Akalipokea bati kwa mikono miwili, akaligonga kwa kidole, akasikiliza. "Bado zima, Mama. Litakwenda juu ya kwaya."

"Asante, nyathina, mwanangu," mama alisema, akaketi kivulini kupumzika.

Paa lilikamilika Ijumaa, lenye rangi za kutu, kijivu na kijani kilichopauka. Halikuwa zuri. Jumapili padri akiwa katikati ya mahubiri, mvua ilishuka kwa kishindo mpaka hakusikika tena, akaketi, na waumini wakakaa wakiisikiliza. Palivuja mahali pamoja, karibu na mlango wa pembeni. Seline akaweka beseni.

Dalmas alikuwepo, benchi la nne. Hakuna aliyempa kipaza sauti na hakuna aliyemfukuza. Kikapu kilipofika aliweka alichoweka kama wengine, mkono umefumbwa. Baadhi ya familia zilizosusa zilirejea. Mbili zilihamia kanisa jingine na hazijarudi hadi leo. Ochieng akimkuta Caren sokoni hupita upande wa pili, na shule zile tatu ziliezekwa na fundi kutoka mjini.

Jumatatu asubuhi Caren aliziba pale palipovuja. Alipokuwa juu, simu ililia. Aliyepiga alikuwa mwenye hosteli moja ya wanafunzi huko Maseno, anayetaka fundi wa mabati mia mbili, akiuliza kama ni kweli kwamba fundi huyo ni mwanamke.

"Ni kweli," Caren alisema. "Nitakuja Jumatano kupima."